Mwenyekiti Aliyeanza na Yaliyomshinda

Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na sauti hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia kuomba chumvi. Mimi nilikuwa jirani yake, ua kwa ua. Kwa hiyo mambo ya kijiji niliyasikia kabla ya mkutano, nikayasikia mkutanoni, kisha nikayasikia tena jioni akiwasimulia wajukuu ambao hawakumuuliza chochote. Kijiji chetu kiko upande wa Usevya, na siku hizi kimeanza kutajwa, kwa sababu wakulima na wafugaji tuliacha kupigana. Watu wakitoka mbali huniuliza huyo mama aliyekuwa mwenyekiti alikuwa mtu wa namna gani. Huwa sijui nianzie wapi. Alikuwa mtu wa haki na alikuwa msumbufu, na vyote viwili nilivipata kwa jirani mmoja.

Basi nianze na bata, maana ndio walionisumbua zaidi. Alifuga bata wengi, na bata wale hawakujua habari za mpaka. Nikimwaga mbegu za mpunga kitaluni, kabla sijanawa mikono, hao wanakuja kwa mstari, wamenyoosha shingo, kama watu walioalikwa harusini. Nikienda kulalamika ananijibu bila hata kugeuka.

"Mama Neema, lete mkutanoni."

"Mwenyekiti, ni bata hawa."

"Ndiyo. Walete mkutanoni."

Siku moja nikamkomoa. Mkutano mkuu wa kijiji ulipofika kwenye mengineyo, nikasimama mbele ya watu wote nikasema ajenda yangu ni bata wa mwenyekiti. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yeye hakucheka. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama kuna mtu wa kumtetea yeye, akakosa hata mmoja, akaahidi mbele ya mtendaji wa kijiji kwamba atawafungia. Na kweli aliwafungia. Kisha mvua ikabomoa banda lao, wakarudi kwenye kitalu changu.

Mkutano uliofuata aliufungua kama alivyofungua mikutano yake yote. Wenyeviti waliomtangulia walikuwa wakianza na mafanikio: darasa limeezekwa, kisima kimechimbwa, makofi tafadhali. Yeye alianza na yaliyomshinda. Alisimama, akakaza khanga kiunoni, akasema, "Yaliyonishinda tangu tulipokutana ni haya." Siku ile alitaja barabara ya ghala, akataja mwalimu aliyeahidiwa ambaye hakuja, kisha akasema, "Na bata wa mwenyekiti wamemshinda mwenyekiti." Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nikabaki nimekaa.

Mtindo huo alisema ameutoa kwenye kwaya. Alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu kabla ya kuwa kiongozi, na alitueleza kwamba kwaya haianzi mazoezi kwa kuimba pale panapopendeza, inaanza pale inapopotea. Sijui kama kwaya zote zinafanya hivyo. Ninachojua ni kwamba ulikuwa mtindo mgumu kuuzoea. Mtendaji wetu wa wakati ule, kijana wa suruali zilizonyooka, alikuwa akiinamisha kichwa kila mara aliposikia neno "yaliyonishinda". Alihofia wakubwa wa wilayani watasikia kijiji chake kina matatizo.

Na sisi wananchi tulikuwaje? Niseme ukweli, tulikuwa tumechoka. Kwa miaka mingi mkutano ulikuwa ni mahali pa kwenda kunyoosha mkono. Jambo lilishapikwa ofisini, likafunikwa, likaletwa kwetu lipakuliwe tu. Bodaboda ilipita na kipaza sauti kutuita, na kadiri ilivyopiga kelele ndivyo tulivyokumbuka kazi za shambani. Akidi haikutimia mara nyingi tu. Mimi nilikuwa nakwenda na karanga zangu kwenye ungo, nabangua, nanyoosha mkono wa kushoto ili wa kulia uendelee na kazi.

Mwenyekiti aliuona ule mkono wa kushoto. Akatunga maneno yake, akayasema mpaka tukayachoka: "Usinipe ndiyo ya kuwahi nyumbani." Watu wakikubali jambo haraka, alikataa kuhesabu mikono. Alimchagua mtu mmoja aliyekubali na kumtaka aeleze kwa nini anakubali. Ukigugumiza, jambo linajadiliwa upya, na jua linakuchoma, na watu wanakutazama vibaya wewe uliyewachelewesha. Nilijifunza kuziacha karanga nyumbani.

Lakini ukivuka ua na kuingia kwake, hayo yote yaliisha. Ndani ya nyumba yake hakuna aliyeulizwa kitu. Aliamua rangi ya milango, aliamua kitakacholiwa, aliamua binti yake asome nini na mume wake avae shati lipi siku ya ibada. Mume wake alikuwa mzee mpole, mfupi wa maneno, mpenda redio. Siku moja nilimkuta amekaa nje na redio imezimwa. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mwenyekiti kasema betri zipumzike." Kisha akaongeza taratibu, "Kwetu hapa hakuna mengineyo, mama."

Nilimtania mwenyekiti kuhusu hilo. Alinijibu kwamba nyumba si kijiji, na kwamba angekuwa anamuuliza mume wake, wangekula saa ngapi? Nadhani mtu mmoja hawezi kuwa na subira mahali pote. Yake yote aliimaliza kwenye uwanja wa mikutano.

Sasa nije kwenye jambo lililompa jina. Kijiji chetu kiko hivi: juu ni kitongoji cha wafugaji, Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini, chini ni mto, katikati ni bonde letu la mpunga, na ubavuni ni hifadhi ya taifa, ambako ng'ombe akikanyaga mwenye mali analia. Ng'ombe lazima anywe maji. Ili anywe maji lazima avuke bonde. Kila mwaka ilikuwa hivyo hivyo: mpunga unaliwa, ng'ombe anakatwa mguu, mtu anapigwa, watu wanapelekwa polisi, na wanarudi wakiwa na hasira zaidi kuliko walivyokwenda.

Mwenyekiti aliitisha mkutano wa kutafuta njia ya ng'ombe. Ulikuwa kiangazi, baada ya mavuno, wakati ambao kila mtu ana nafasi. Watu walikuja wengi. Alituchanganya, mfugaji hapa, mkulima pale, tukazungumza mpaka jua likapinda, tukakubaliana njia ipite pembeni kabisa mwa bonde hadi kivuko cha mawe. Haikugusa shamba la mtu. Mikono ilinyooshwa yote. Aliuliza kama alivyozoea, "Mzee Nkwabi, unakubali kwa nini?" Mzee Nkwabi, mkubwa wa wafugaji, mtu wa kofia na fimbo nyembamba, alisema, "Njia ni nzuri, Mwenyekiti." Mwenyekiti akaridhika. Mawe yakapakwa chokaa, na jioni ile nilimsikia akiimba jikoni.

Kisha masika ikaja. Mto ukajaa, kivuko cha mawe kikamezwa. Ng'ombe walishuka kwenye njia yao mpya nyeupe, wakafika kwenye maji, wakakataa. Nyuma yao wengine wanashuka. Walikwenda wapi? Walipanda bondeni, kwenye majaruba yetu, mpunga ukiwa umeanza kuchanua.

Mimi nilikuwapo. Nilimwona mume wangu akitoka na panga, mtu ambaye hata kuku hupenda achinjiwe. Nilimshika shati, likaniponyoka. Wanaume wa kwetu walikuwa wamesimama kwenye kingo, na wa kule wamesimama na fimbo na mikuki, na mvua inanyesha juu ya wote. Nilijisemea, leo nakuwa mjane kwa sababu ya mpunga.

Mwenyekiti alikuja amejifunika mfuko wa mbolea kichwani. Hakuhubiri amani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Nkwabi akamuuliza, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Nyie mlijua mto unajaa?"

"Tulijuaga, Mwenyekiti."

"Kwa nini hamkusema?"

Mzee Nkwabi alitazama fimbo yake. "Tuliona nyie mmeshapanga. Tukasema, hawa wametupa njia ya kufa masika, ndivyo walivyotaka. Tukibisha watatufukuza. Tukanyoosha mikono, tukaenda."

Mwenyekiti akatugeukia sisi. "Na nyie? Si mlijua?"

Mume wangu ndiye aliyejibu, panga liko mkononi. "Tulijua. Tukadhani wenyewe wana namna yao ya kuvusha. Si watu wa ng'ombe hao?"

Mwenyekiti alitutazama, upande huu na upande ule, kisha akakaa chini. Alikaa pale pale kwenye jaruba, kwenye maji, mpunga umemzunguka, mfuko wa mbolea kichwani. Sijui kama alichoka au miguu ilikataa. Hakuna mtu anayejua la kufanya mwenyekiti wake akikaa kwenye maji. Mzee Nkwabi alimshika mkono mmoja. Mume wangu, ili amshike mwingine, ilibidi aweke panga chini. Nilipoliona panga lile liko kwenye ukingo peke yake, nililia kwa kwikwi, na mpaka leo sioni aibu.

Mkutano uliofuata haukufanyika uwanja wa shule. Aliupeleka kitongoji cha juu, karibu na mazizi, masika hiyo hiyo, ili aliyesahau maji ayaone. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kufika huko ingawa moshi wao tunauona kila asubuhi. Tulipewa maziwa ya mgando kwenye vibuyu, tukayanywa tukitazamana. Akafungua: "Yaliyonishinda ni moja tu leo. Nimeendesha mkutano, watu wakaniogopa, na mimi nikasahau mto, nikaona mikono tu." Hapo ndipo watu walipoanza kusema. Walisema mambo ambayo hayakuwahi kutoka nje ya nyumba zao. Mtu wa kwetu alikiri tunawaita wageni hata watoto waliozaliwa hapa. Mtu wao akasema wapo vijana wanaolisha mpunga makusudi, na akawataja kuwa ni wa kwake. Yalikuwa maneno makali, na hakuna aliyeinuka kuondoka.

Ikaonekana kwamba masika ng'ombe wanaweza kuvuka mahali pamoja tu, juu kidogo, kwenye daraja. Na kufika darajani ni lazima njia ipite kwenye shamba la mtu. Mashamba yanayofaa yalikuwa mawili. Moja la mwenyekiti. La pili langu.

Nilimtazama, naye alikuwa ananitazama. Akasimama, akamkabidhi mkutano mwenyekiti wa kitongoji chetu, kijana mtaratibu, akaja kukaa kwenye majani pamoja nasi, na alipotaka kusema alinyoosha kidole kama mtu mwingine yeyote. Lakini msidhani alilitoa shamba lake. Alilipigania. Alizungumza juu ya wajukuu, juu ya mama yake aliyelifyeka, akatoa machozi, akasema na mengine ambayo mimi jirani yake nilijua ameyatia chumvi. Zamu yangu ilipofika na mimi nilitia chumvi yangu. Nilisema kwa muda mrefu. Hakuna aliyenikatiza, hata yeye, na nilimwona anauma midomo.

Kisha msichana mmoja anayechunga ng'ombe wa baba yake akasimama. Akasema shamba la mwenyekiti ni udongo mweusi wa mbuga, masika ng'ombe anazama mpaka tumboni, na mwenye kumtoa ni yeye na wenzake. Akanigeukia kwa adabu. "Mama, na kwako anazama?"

Nimelima pale tangu nilipoolewa. Nina miguu yangu pale. Ningeweza kusema anazama, na nani angebisha? Watu wote walikuwa wakiningoja, na walivyoningoja walikuwa kama watu wanaoamini kwamba nitasema kweli. Nikasema, "Hazami. Kwangu kuna changarawe."

Mikono ikanyooshwa, nikashindwa. Wakakubaliana pia kwamba wafugaji watajenga ua wa miti pande zote mbili za njia, na kwamba kila msimu watanilimia sehemu iliyobaki kwa plau zao. Nilirudi nyumbani nikiwa nyuma ya wote. Mume wangu aliropoka njia nzima. "Mwenyekiti kashinda, tulitegemea nini? Michezo ile ile."

Siku zile sikumsalimia mwenyekiti. Nilikuwa na hasira na nilitaka niwe na sababu nzuri. Nikiwa napalilia nilikuwa naurudia mkutano ule kichwani, neno kwa neno, natafuta mahali nilipochezewa. Je, walinikatiza? Hapana. Je, yeye ndiye aliyehesabu mikono? Hapana. Je, yule msichana alisema uongo? Udongo ule naujua mwenyewe. Nilitafuta pa kukasirikia, sikupaona. Ni jambo la ajabu kukosa pa kukasirikia wakati umepoteza kipande cha shamba. Unabaki na huzuni tu, na huzuni hupungua.

Masika iliyofuata nilisimama ukingoni kuwasubiri ng'ombe. Walikuja jioni, kengele zinalia, matope yanaruka, migongo imejaa kati ya nyua mbili za miti. Sikuwaondolea macho mpaka wa mwisho alipopita. Mpunga ulikuwa umesimama kushoto na kulia. Mzee Nkwabi alivua kofia akanisalimia, "Shikamoo mama," ingawa ni mkubwa kwangu, na mimi nikacheka, nikaenda kupika. Usingizi niliolala siku ile nilikuwa sijaulala miaka mingi.

Aliyeumia alikuwa mshindi. Mwenyekiti hakuwa tena yule yule. Mtu aliyezoea kuniingilia jikoni bila hodi alianza kupita njia ya nyuma. Alipofungua mikutano alipunguza maneno. Watu waliendelea kuja, tena wengi kuliko zamani, na akidi ilitimia kabla bodaboda haijamaliza mzunguko, lakini yeye alikuwa anatazama sehemu niliyokaa kisha anaruka macho. Uchaguzi ulipofika hakuchukua fomu. Alisema amechoka na mumewe anaumwa miguu. Yule kijana wa kitongoji chetu akachaguliwa. Naye anaanza na yaliyomshinda, ingawa huyasema haraka haraka kama mtu anayemeza kwinini.

Mwaka huu, baada ya mavuno, mwenyekiti alikuja kwangu. Sisi bado tunamwita hivyo. Alikuwa anahamia Magamba, huko karibu na Mpanda mjini, kwa binti yake, ili mzee awe karibu na matibabu. Nilikuwa napepeta mpunga. Alikaa kwenye kigoda, akachukua ungo wa pili bila kuulizwa, akaanza kupepeta na yeye.

"Mama Neema," akasema, "lile shamba langu la darajani nawaachia wanangu. Lakini kile kipande cha nyuma ya nyumba, nacho cha udongo mweusi, nakupa wewe. Lima tu. Tusiwasumbue watu na mikutano."

Kipande kile nakijua. Kinatoa mpunga ambao ukiuvuna mgongo unakuuma kwa furaha. Nilikitaka papo hapo, nilikitaka sana. Nikaanza kujiona nikipanda. Kisha nikamwona Mzee Nkwabi akipita na ng'ombe wake, akiniona nimeinama kwenye udongo wa mwenyekiti. Angewaza nini? Angewaza kwamba sisi wawili tulishapatana siku ile mazizini, na machozi yalikuwa ya maonyesho. Na yule msichana aliyesimama mbele ya wazee na kuniuliza swali la kweli, angewaza nini?

"Siwezi kukichukua kimya kimya," nikamwambia. "Watu watasema ulinipanga. Na wakishasema hivyo, mkutano mwingine watanyoosha tu mikono waende."

Mikono yake iliendelea kutikisa ungo ambao pumba zilishaisha.

"Wewe hujui," akasema. "Tangu siku ile silali vizuri. Nilikuwa mwenyekiti, nikashinda, na shamba likakatwa la jirani yangu. Kila ng'ombe wakipita nasikia wanapita juu yangu. Umepoteza kwa ajili yangu, na hata siku moja hujanitukana."

Niliweka ungo chini. Yote niliyokuwa nimeyatafuta shambani wakati ule napalilia, na nisiyaone, yalinijia mdomoni kwa pamoja, yakawa mafupi.

"Nilishindwa, Mwenyekiti," nikasema. "Sikuibiwa."

Alinitazama kama mtu asiyesikia vizuri. Akaniomba nirudie. Nikarudia, polepole, nikimtazama usoni. Akashusha pumzi ndefu, akafuta macho kwa pindo la khanga, akakung'uta pumba mapajani.

"Basi," akasema, "sasa naweza kuhama."